Ua Lisilo na Kivuli

Asmahan hakukana. Alimaliza kwanza kumsuka mteja wake, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudisha pazia ili wapita njia wa mtaa wa Moseley wasichungulie ndani ya saluni, ndipo akamgeukia mgeni wake.

"N'lisema, sikufichi. Tena mbele za watu. N'lisema Maisara asipoitoa picha yangu mle ndani ya kompyuta yake, n'takwenda kuitoa mwenyewe. Haya, nifunge."

"Mie sina mamlaka ya kumfunga mtu," Mwatima alisema. "Mie naulizia tu."

Kuulizia tu ndiyo kazi iliyomweka katika mji huu wa ughaibuni. Miaka mingi aliwafanyia watu wa bima, akiwafuata wanaojidai viuno vimevunjika huku wanabeba makochi. Siku hizi alikuwa na chumba chake mwenyewe juu ya duka la nyama, na wateja wake wengi walikuwa watu wa kwao wasiopenda kumweleza askari mambo ya ndani. Aliyemleta huku alikuwa Aida, bintiye Bi Maisara.

Bi Maisara, mjane, wifi yake huyu Asmahan, alikutwa chini ya ngazi za nyumba yake ya Winson Green, kichwa kimepasuka. Askari aliyefika aliona mama mtu mzima, ngazi za nyumba kongwe na zulia lililochakaa, akaandika ajali. Si mtu wa kulaumiwa. Lakini Aida hakuridhika, kwa sababu ya miwani. Miwani ya mama yake ilikutwa chumba cha juu, juu ya kompyuta, na Bi Maisara hateremki hata kidato kimoja bila miwani. Kwa hesabu ya Aida, na Mwatima hakuona pa kuikosoa, mtu aliyeteremka bila miwani hakuteremka kwa kupenda.

Mwenyewe Bi Maisara alikuwa hai, hospitalini, anakula na anaswali kwa ishara. Ila siku ile ilikuwa imefutika kichwani mwake. Daktari alisema huenda ikarudi. Kila mtu alilishukuru neno hilo isipokuwa Mwatima. Kama siku ile inaweza kurudi, basi yupo mtu anayeomba isirudi, na mtu huyo anajua wodi ilipo.

"Picha ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Ilikuwa na mie! Siku ya hina ya mwanangu Nunu, kwake Maisara. Wanawake watupu, vichwa wazi, tunacheza mpaka kanga zinatudondoka. Maisara na simu yake, pa, pa, pa. Mara nasikia anajifunza kutengeneza albamu ya kompyuta, kwenye ukumbi wa kanisa la Wakongo, na ataipeleka ichapwe. Kitabu, dada! Kwa wanaume wa kiwanda! Nywele zangu mie ziende zikachapwe na wanaume?"

"Ukamwambia."

"N'kamwambia. Akacheka, akasema atanivisha maua kichwani. Sijui maua gani. Sikuyaona mie."

"Ndiyo hayo tu mliyogombana?"

Asmahan alianza kuokota nywele bandia zilizoanguka sakafuni, moja moja, kama mtu asiyetaka macho yake yaonekane.

"Lilikuwapo jengine. Aliahidi kumtunza Nunu bangili zake za dhahabu, zile alizorithi kwa mama yake, alizozifunga kwenye kitambaa chekundu toka enzi hizo. Siku ya harusi kaja na bahasha. Ati hakumbuki alipoziweka. Mtu asahau dhahabu? N'kanyamaza, lakini liliniuma."

"Siku ya hina wanaume walikuwa wapi?"

"Kwa Bwana Tahlil, jirani yake Maisara, nyumba ya pili, wanakula. Isipokuwa Suhail, mume wa Aida, alisema atakaa garini, ana simu ya kazi. N'kampelekea sahani ya biriani, sikumkuta. N'kaiweka juu ya gari. Ikaliwa na mvua." Alisimama wima. "Na siku aliyoanguka Maisara nilikuwa hapa, kichwa cha bibi arusi wa Kisomali mikononi mwangu toka asubuhi. Kaulize."

Mwatima alikuwa ameshauliza. Bibi arusi alilia machozi akikumbuka jinsi ile misuko ilivyomkaza.

*

Nyumba ya Bi Maisara ilikuwa katikati ya safu ndefu ya nyumba zilizobanana, na mwisho wa mtaa ulionekana ukuta wa jela. Ilikuwa alasiri, lakini alasiri ya msimu ule ambao taa za barabarani huwashwa kabla watu hawajatoka kazini. Mwatima alifungua kwa ufunguo wa Aida. Alivua viatu mlangoni kama nyumba ile ilivyotaka, na mama aliyefuatana naye akavua vyake, akaviweka sambamba na vile vingine.

Mama huyo aliitwa Thérèse. Alitoka Uvira kwa Wakongo zamani, kwa vita, na sasa alikuwa mwalimu wa lile darasa la albamu. Mwatima alimwomba aje kwa sababu yeye mwenyewe, ukimtoa kwenye simu na barua pepe, kompyuta ilimtisha.

"Maman Maisara alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza kwa bidii," Thérèse alisema wakipanda ngazi. "Ile kitu unamuonyesha mara moja, yeye anaishika kabisa. Anaifanya vile vile kila siku. Haongeze, hapunguze."

Ngazi zilikuwa za mwinuko mkali, na taa yake ilikuwa imezimwa. Mwatima alihesabu kimoyomoyo nafasi ya mtu kusimama pale juu: watu wawili, wakibanana. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, meza ndogo yenye kompyuta, na meza ya kujipambia yenye kioo kikubwa kilichoelekea mlango. Juu ya kompyuta ilikuwapo miwani, pale pale ilipokutwa. Mwatima ndiye aliyemwomba Aida asiguse kitu, na Bi Maisara alipelekewa hospitalini miwani yake ya zamani, anayoilalamikia kwamba haoni nayo zaidi ya kiganja chake.

Thérèse aliwasha kompyuta. "Bon. Nikuanzishe namna ninawaanzishaka bamama bote?"

"Nianzishe kama sijui lolote. Sijui lolote."

"Ya kwanza, usianze na mapambo. Kusanya picha zote, uziweke folda moja, uzipe namba. Bamama wengi wanakimbilia maua, kisha picha zinapotea." Alifungua folda iliyoandikwa *Nunu*. Picha zilijipanga kwa safu, kila moja na namba yake. Kidole chake kikashuka nazo, kikasimama. "Tiens. Kumi na mbili haiko. Kumi na moja, halafu kumi na tatu."

"Labda aliifuta mwenyewe."

"Maman Maisara?" Thérèse alimtazama kama aliyeambiwa mvua imepanda juu. "Nimekuambia, hapunguze."

Mwatima alikumbuka simu ya Bi Maisara. Aida aliikuta ndani ya ndoo ya nguo zilizorowekwa, imekufa. Kila mtu alidhani mama mtu mzima alipitiwa. Sasa picha iliyokuwa ndani ya simu haikuwapo kwenye kompyuta pia, na huko ni kupitiwa mara mbili kwa mtu ambaye hapitiwi.

"Endelea," alisema.

"Ya pili, unachagua karatasi ya chini. Hii." Ukurasa ukafunguka, wa rangi ya hina, na juu yake jina la Nunu kwa herufi za kurembwa. "Ya tatu, unaweka picha juu ya karatasi; ikishaingia hapo inabaki, hata ukiifuta kule folda. Ya ine, unaweka maua juu ya picha. Ni karatasi juu ya karatasi, unaona? Kama album ya zamani ya gundi, lakini hapa gundi haikauke. Ukitaka, unaondoa. Tazama huku pembeni. Kila kitu ulichobandika kiko na mstari wake, na kila mstari uko na jicho. Unafunga jicho, kile kitu kinajificha. Unafungua, kinarudi."

Ukurasa ulikuwa umejaa wanawake. Walicheka, walipiga makofi, walinyoosha mikono ikauke hina. Na kila kichwa kilichokuwa wazi kilikuwa kimefunikwa maua, waridi kwa watu wazima, asumini kwa wasichana. Bi Maisara hakuficha sura ya mtu. Maua yalishika nywele tu, yakazunguka shingo, sawasawa na mtandio. Mwatima aliona uchungu wa ghafla. Yule mama alikaa hapa peke yake na miwani yake, akiwasitiri ndugu zake mmoja baada ya mwingine ili waingie kitabuni bila aibu.

"Yuko wapi Asmahan?"

Thérèse alimwonyesha mwanamke aliyeinua mikono juu, waridi jekundu kichwani. Kama Asmahan alikuja kuficha jambo, lingekuwa hapo. Mwatima alishika mausi, akatafuta mstari wa waridi lile, akabonyeza jicho. Ua likatoweka. Chini yake palikuwa na Asmahan, nywele zimemwagika, anaimba mdomo wazi. Basi. Mwanamke aliyefurahi siku ya mwanawe. Mwatima alilirudisha ua upesi, akajiona kama aliyechungulia bafuni.

"Na ya tano," Thérèse aliendelea, "kivuli. Hii ndiyo siri ya kazi. Ua bila kivuli linaonekana limelala, limekufa. Ukilipa kivuli kidogo chini yake, linaonekana limebandikwa kweli kwa mkono. Miye nawaambia kila juma: hakuna kitu kinaingia ukurasa bila kivuli. Bamama wengine wanasahau."

"Bi Maisara?"

"Ah, non. Yule alikuwa anapa kivuli mpaka nukta."

Mwatima alisogeza kiti. Hakuwa na miwani, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kutafuta kiuno kizima ndani ya bandeji. Alianza juu kushoto, akaenda ua kwa ua. Kivuli. Kivuli. Kivuli chembamba chini ya kila petali, kila kimoja kimeangukia upande ule ule. Alifika kwenye picha ya katikati, ambayo kule kwenye folda hakuiona, ile ya Nunu anayepakwa hina ndani ya chumba hiki hiki walichokaa, na nyuma yake ile meza ya kujipambia. Juu ya kioo palikuwa na waridi kubwa kuliko yote.

Lilikuwa limelala bapa. Lilikuwa limekufa.

"Hili," alisema.

Thérèse aliinamia kioo cha kompyuta.

"Hili si lake," alisema. "Na tena limefunika kioo kizima. Maman Maisara anafunika nywele. Huyu alitaka kufunika..."

"Unaweza kujua limewekwa lini?"

Thérèse alirudi kwenye orodha ya kurasa, akasoma tarehe iliyo ubavuni. Kurasa nyingine zote ziliguswa mara ya mwisho kabla Bi Maisara hajaanguka. Huu uliguswa jana.

Jana Bi Maisara alikuwa kitandani hospitalini. Na Aida aliapa kwamba tangu siku ile hakuna aliyeikaribia kompyuta. Mtu aliingia kwa ufunguo, akakaa kwenye kiti hiki, akaona ukurasa ambao Nunu anauulizia kila siku na ambao ukikosekana utaulizwa. Akaona maua. Akadhani ua moja zaidi halitaonekana kati ya maua mengi, na kwamba likishabandikwa limebandikwa, kama gundi ya zamani. Yeye hakukaa darasani. Hakuna aliyemwambia habari za kivuli, wala za jicho.

"Funga jicho," Mwatima alisema. Aliisogeza mausi upande wa Thérèse.

Thérèse alibonyeza.

Waridi likatoweka na kioo kikabaki wazi. Ndani ya kioo ulionekana mlango wa chumba hiki, ukumbi mwembamba wa juu ya ngazi, na ng'ambo yake chumba cha kulala cha Bi Maisara. Kabati lilikuwa wazi. Mbele yake aliinama mwanamume wa kanzu, mkononi kifurushi cha kitambaa chekundu. Shingo aliigeuza. Alikuwa anaitazama kamera.

Alijua tangu siku ile kwamba amepigwa picha. Alikaa na jambo hilo harusi nzima, akisubiri kuona kama kuna atakayeikuza picha mpaka kufika kwenye kioo. Na Bi Maisara, kwa bidii yake ya kuipamba kila kona, akaikuza.

"Mungu wangu," Thérèse alisema. "Huyu si ndiye anamletaka darasani kwa gari?"

"Ndiye. Suhail. Mkwewe."

Mwatima aliupiga ukurasa picha kwa simu yake, kisha akampigia Aida. Sauti ya treni ilikuwa nyuma ya sauti ya Aida, na Aida alikuwa na furaha.

"Bi Mwatima! N'likuwa nataka kukupigia. Wamemdischarge Mama leo, can you believe? Mie natoka kazini, niko kwenye treni narudi kwetu Sutton. Suhail ndo kaenda kumchukua."

Mwatima alisimama. "Alikuwaje asubuhi?"

"Better. Anaanza kukumbuka. Toka asubuhi anasema kioo, kioo. Suhail akamwuliza, kioo gani, Mama? Akasema cha chumba cha nyuma. So Suhail kasema atampitisha nyumbani kwake kwanza akakitazame, maybe akikiona atakumbuka vizuri. Sweet, no?"

"Aida. Nisikilize na usinikatize. Teremka kituo kinachofuata, uje huku nyumbani kwa mama yako. Usimpigie Suhail."

"Why? Bi Mwatima, kuna nini?"

Mlango wa gari ulifungwa huko nje, kisha mwingine. Mwatima alikata simu, akaenda kwenye dirisha la chumba cha mbele. Suhail alikuwa anamshika mkono Bi Maisara kumvusha ukingo wa barabara, kwa upole, mwavuli ameuelekeza upande wa mama wa watu. Jirani mmoja aliwapungia. Suhail akampungia naye.

"Piga polisi," Mwatima alirudi akamwambia Thérèse, sauti chini. "Waambie mtu aliyemsukuma Bi Maisara amerudi naye, na picha tunayo. Usikate simu. Usitoke chumbani."

Aliichukua ile miwani juu ya kompyuta. Ufunguo ulizunguka chini.

"Haya, Mama, umefika kwako," sauti ya Suhail ilisema. "Tangulia. Panda taratibu. Mie niko nyuma yako."

"Baba, sioni vizuri. Hii miwani..."

"Huna haja ya kuona, Mama. Ngazi zako unazijua. Mie niko..."

Hatua zake zilikoma. Mwatima alijua ameona nini. Alikuwa ameviona viatu vyao pale mlangoni, jozi mbili za wanawake.

Mwatima aliwasha taa ya ngazi. Bi Maisara alikuwa ameshapanda kidato cha kwanza, mkono mmoja ukutani, kitambaa cha hospitali bado kimemzunguka kichwa chini ya mtandio. Suhail alisimama nyuma yake. Aliinua uso, akamtazama Mwatima kwa macho yale yale yaliyotoka ndani ya kioo.

"Nani huyo?" Bi Maisara aliuliza, akikodoa.

"Mwatima, Bi Maisara. Rafiki wa Aida. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mko kimya?"

"Bi Mwatima," Suhail alisema, na akatabasamu. "Hatukujua kama kuna wageni. Mama amechoka. Nampandisha akapumzike."

"Asipande," Mwatima alisema. "Bi Maisara, simama hapo hapo. Miwani yako n'nayo huku. Nakuletea."

Aliteremka. Miguu yake ilikuwa mitupu juu ya zulia lile lililochakaa, na aliogopa, aliogopa kweli, kwa sababu Suhail alikuwa kijana na mlango ulikuwa nyuma yake, umefungwa. Hakuyaondoa macho yake usoni mwa kijana yule. Juu, kwenye chumba cha nyuma, Thérèse alikuwa anautaja mtaa na namba ya nyumba, polepole, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayefundisha. Suhail aliisikia. Tabasamu lilibaki kinywani ila lilikuwa halina tena kazi.

Mwatima alifika kidato cha kwanza. Alimvua Bi Maisara ile miwani ya zamani, akamtia mkononi ile yake.

Bi Maisara aliipangusa kwa ncha ya mtandio wake, pande zote mbili, vile vile alivyoipangusa kila siku. Akaivaa. Akatazama ngazi mpaka juu. Kisha, taratibu, akageuka kumtazama mtu aliyesimama nyuma yake.